Kibokoni Yashindwa Kufikisha Lengo la Taka

Watangaziwa wakazi wote wa Kisiwa cha Mombasa, wenye macho na wenye miwani, kwamba kuanzia Jumatatu uchafu wao utaonekana kwa rangi.

Ndivyo lilivyosomeka tangazo la Idara ya Takwimu za Usafi wa Kisiwa, lililobandikwa kila palipokuwa na ukuta, mwaka mmoja kabla ya zile mvua za Elnino. Aliyelitunga ni Bwana Gunga, na alilitunga akiwa amefunga mlango, maana mambo mazito hayaandikwi mlango wazi. Mlango wenyewe ulikuwa na maandishi makubwa: KAIMU MKURUGENZI. Lile neno la pili alilipenda kama roho yake. La kwanza lilimkereketa kila asubuhi akitia ufunguo. Alikuwa kaimu tangu mkurugenzi wa mwisho alipostaafu akaenda kutunza minazi yake, na watoto waliozaliwa mwaka ule walikuwa wameshaota meno wakayang'oa. Mkewe, Sidi, akitajwa kanisani kuwa ni mke wa mkurugenzi, hakosi mtu wa kukohoa kule nyuma na kuongeza, "Kaimu."

Sasa Mheshimiwa Waziri Msaidizi alikuwa aje kutoka Nairobi kuiona ramani ya Idara. Ikimpendeza, neno la kwanza litafutwa mlangoni. Isipompendeza, huenda yakafutwa yote mawili.

Na ramani hiyo si mchezo. Haikuwa ya karatasi. Karatasi, alisema Bwana Gunga, ni bubu. Hii ilikaa ndani ya kompyuta, na ukiiuliza inajibu. Unashika kipanya, unasogeza mshale mpaka mtaani kwako, unabonyeza, na mtaa wako unakufungukia: taka kiasi gani, zimezidi au zimepungua, na ushauri wa kitaalamu juu yake. Makarani wa jengo zima, kule nyuma ya uwanja wa Makadara, walipanga foleni kuja kuibonyeza mitaa yao. Mmoja alibonyeza mtaa wa mkwewe akacheka mpaka akatolewa nje.

Kompyuta yenyewe ilikuwa sadaka ya kampuni moja ya soda iliyokuwa imejinunulia mpya. Ndani mlikuwa na programu moja tu, ya kufuatia mauzo. Kila duka lilikuwa doa kwenye ramani. Duka likiuza sana, doa huwa kijani na hunenepa. Likizembea, huwa jekundu na hukonda. Idara haikuwa na soda. Ilikuwa na taka. Bwana Gunga hakuona tatizo.

"Soda ni kitu kinachopatikana mitaani," alimwambia Zilpah, karani wake wa kompyuta. "Taka ni kitu kinachopatikana mitaani. Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo ni kitu kimoja, bwana," akasema Zilpah, ambaye hakuajiriwa kubishana.

Kulikuwa na dosari ndogo. Maneno ya programu hayakukubali kubadilishwa, maana mtu pekee aliyejua neno lake la siri alikuwa ameshakwenda Dubai. Basi taka zikapimwa kwa kreti. Mtaa ukaitwa tawi. Kila tawi likapewa lengo na msimamizi. Msimamizi wa Kibokoni, huko Mji wa Kale, aliandikwa Bi Mwanaesha, kwa sababu Taib, hamali wa mkokoteni wa Idara, alipoulizwa anamjua nani mtaa ule, alisema anamjua huyo tu, ndiye humkaripia. Na kwa kuwa programu haikukubali kufunguka bila ya kuwa na Makao Makuu, ofisi yenyewe ilitiwa doa lake katikati ya kisiwa, msimamizi Gunga. Doa dogo, jekundu, mfano wa kipele.

"Hilo msilitazame," alisema. "Makao Makuu hayapimwi. Makao Makuu hupima."

Jumatatu ramani ikawaka. Makupa, kule wanakoshukia malori na wachuuzi wa kila namna, ilikuwa kijani kibichi, doa limenona hadi linagusa bahari. Kibokoni ilikuwa nyekundu kama pilipili.

Zilpah akakohoa kidogo. "Bwana. Huko kwenye kijani si ndiko kwenye taka nyingi?"

Bwana Gunga akaitazama ramani. Ilimwingia pole pole. Programu ilizaliwa ikijua kwamba kingi ni kizuri, na haikuwa na habari kwamba imehamishwa kazi. Hapo palikuwa na nafasi ya kusema "ala!" na mambo yakaisha. Lakini tangazo lilikuwa limeshasema kwamba kijani ni ushindi, nakala ilikuwa imeshafika Nairobi, na Mheshimiwa alikuwa ameshapiga simu kusema kwamba yeye kijani anakipenda sana.

"Zilpah," akasema, "takwimu hazibishani na tangazo. Taka nyingi maana yake wananchi wana shughuli. Mtaa usio na taka unafanya nini?"

"Umefagiliwa, bwana?"

"Umelala."

Wiki ile ile Makupa ikapelekewa kombe. Bwana Gunga alilikabidhi mwenyewe, mbele ya malori, kwa Thoya, muuza machungwa, ambaye maganda yake yalionekana kuwa na mchango mkubwa.

"Tumeshinda nini?" akauliza Thoya.

"Uchafu."

Thoya akavua kofia. "Ni jitihada za watu wengi, bwana. Peke yangu nisingeweza."

Kombe likawekwa kwenye kibanda cha chai, watu wakawa wanalipangusa kwa mikono ya shati. Habari haina miguu lakini hufika. Tononoka wakaona wivu. Mwanamke akionekana na ufagio anazomewa kuwa anawarudisha wenziwe nyuma. Wenye maduka wa Biashara Street wakatuma mtu kuuliza kama vipande vya kanga vinavyobaki vinahesabiwa, na je, vikiloweshwa ili viwe vizito? Idara ikajibu kwamba suala hilo linashughulikiwa. Kisiwa kizima kikawa kinanuka, na ramani ikawa inapendeza kila siku.

Ilibaki Kibokoni.

Kibokoni walikuwa na maradhi ya zamani. Kila alfajiri, baada ya sala, wanawake hutoka na fagio. Kila mmoja hufagia mbele ya mlango wake, kisha hupitisha ufagio hatua moja ndani ya mpaka wa jirani, kwa sababu kukomea kwenye mpaka wako mtaa ule ni uchoyo, na mtu atakutaja. Jirani naye hufanya vivyo hivyo. Basi kila mahali hupita fagio mbili, na taka hazina pa kulala. Makumbi ya nazi huwa kuni, maganda huliwa na mbuzi, karatasi hufungiwa njugu. Doa lao lilikuwa limekonda hata Zilpah akawa analitafuta kwa kidole.

Bwana Gunga alikwenda mwenyewe. Alimkuta Bi Mwanaesha barazani, mama mtu mzima, anachoma mahamri.

"Hodi!"

"Starehe. Karibu, mwanangu. Sabalkheri."

"Sabalkheri, mama."

"Waambaje?"

"Salama. Nimekuja kikazi."

"Kazi haikimbii. Keti ule kwanza."

Akakaa, akala mahamri kwa mbaazi, akajipangusa midomo, akarejea katika cheo chake. "Bi Mwanaesha, wewe ndiye msimamizi wa tawi hili."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatatu."

"Na mimi mbona sina habari?"

"Imo kwenye kompyuta. Sasa, tawi lenu liko chini ya lengo. Chini kabisa."

"Tumekosani?"

"Taka."

"Taka hatuna."

"Ndilo kosa lenyewe."

Bi Mwanaesha akaligeuza hamri karaini, akamtazama. "Mwanangu, mamako yu hai?"

"Yu hai, yuko Rabai."

"Yuwajua kazi uifanyayo?"

"Anajua mimi ni mkurugenzi."

"Kaimu," ikasema sauti kutoka dirisha la juu. Alikuwa ni Swabaha, jirani, ambaye dirisha lake halifungwi mvua wala jua.

Uso ulimwiva Bwana Gunga. Roho ilimuuma hasa. Akasimama. Akaeleza kwamba tawi lisilofikisha lengo, programu hutoa ushauri wa aina mbili tu: tawi lifungwe, au lihamishiwe shehena kutoka tawi lenye neema.

"Mtaa hufungwaje?" akauliza Bi Mwanaesha.

"Utaratibu utatolewa."

"Basi ngojani kidogo. Jumapili tuna arusi ya mjukuu wangu, Fairuz. Fungani Jumatatu."

"Jumatatu anakuja Mheshimiwa."

"Fungani Jumanne."

Alipokuwa anaondoka, Bi Mwanaesha akamtilia mahamri kwenye sahani ya maua, akaifunika kitambaa. "Mpelekee mkeo. Na sahani yangu niregeshee, ni ya seti."

Bwana Gunga ni mtu wa pwani, hakuweza kukataa. Aliibeba ile sahani mpaka ofisini huku akiwaza. Kufunga mtaa kabla ya wiki kwisha kungehitaji kamati. Kuhamisha shehena kulihitaji lori tu.

"Bwana," akauliza Zilpah, "taka za Makupa zikipelekwa Kibokoni, nizihesabu wapi?"

"Soda ilikuwa ikihesabiwa wapi?"

"Ilipofikishwa."

"Basi."

Ijumaa, watu walipotoka msikitini, lori la Idara liliingia Kibokoni kinyumenyume. Likashusha mapipa, makubwa, ya bati, yamejaa pomoni, kila moja limeandikwa ubavuni MALI YA IDARA. Yalipangwa pande zote mbili za njia, mlango kwa mlango: maganda ya machungwa, matumbo ya samaki, majani makavu yaliyolowa mafuta ya gari. Makupa nao hawakuridhika. Thoya alilifuata lori kwa miguu akilia kwamba hizo ni taka za ushindi, jasho la watu. Lakini kabla ya alasiri, kule kwenye ramani, Kibokoni ilikuwa kijani. Bwana Gunga alimpigia simu Sidi amwambie ashone nguo mpya.

Kibokoni wanawake walisimama barazani wamejiziba pua kwa pembe za leso. Bi harusi alikuwa ndani anapakwa hina. Jumapili wageni watapita wapi?

"Tuyamwage baharini," akasema Swabaha, na safari hii alikuwa ameshuka.

"La," akasema Bi Mwanaesha. "Bahari haikutuletea kitu." Aliyatazama yale mapipa, mkono kiunoni. Alikuwa na hasira, tena hasira ya mtu mzima, isiyo na kelele. "Nimempa mahamri, moto-moto, yana iliki. Na haya ndiyo aliyoniregeshea. Haidhuru. Chombo cha mtu huregeshwa kwake. Hata jina limeandikwa."

"Tuyaregeshe leo?"

"Tupu?"

"Yamejaa, Bi Mwanaesha!"

"Yamejaa ya kwake. Swabaha, lini katika mtaa huu chombo cha watu kikarejea bila kutiwa kitu chetu?"

Swabaha akafikiri. Kweli, haijapata kutokea.

Basi yale mapipa wakayasukuma hadi uani, wakayashindilia ili yapate nafasi, arusi ikafanywa. Na arusi ya Fairuz haikuwa ya kubabaisha. Walichinjwa mbuzi, zikapikwa sufuria za biriani za kuingia mtu, wakaalikwa watu hadi wa Lamu. Mara ile hapakuwa na kumbi lililotiwa jikoni wala ganda lililopewa mnyama. Kila kilichobaki kilitiwa mapipani kwa heshima: mifupa, makumbi, vitunguu, majani ya migomba, vichwa vya nguru. Palipopungua mapipa, Taib akaleta mengine kutoka ghala la Idara, kwa sababu alipelekewa sahani ya biriani, na yeye pia ana adabu zake.

Jumatatu Mheshimiwa akawasili. Suti ya kijivu, viatu vyeupe. Alipelekwa moja kwa moja mbele ya kompyuta, akaketishwa, akapewa kipanya. Nyuma yake alisimama Bwana Gunga na shati jipya linalomkata shingo. Zilpah alikaa pembeni, vidole juu ya kibodi ya kompyuta, tayari kuingiza takwimu kadiri zinavyofika.

"Kisiwa chote kijani," akasema Mheshimiwa. "Hongera, Kaimu."

"Ni uongozi wenu, Mheshimiwa."

Hapo ndipo iliposikika ngoma. Ilikuwa ni vugo, wanawake wanagonga pembe na kuimba, kama wanavyomsindikiza bi harusi. Sauti ilitokea upande wa Mji wa Kale, ikawa inakaribia.

"Nini hiyo?"

"Wananchi wanakukaribisha, Mheshimiwa," akasema Bwana Gunga, kwa kuwa hakuona sababu nyingine ya watu kufurahi.

Taib akachungulia mlangoni. "Zilpah. Mzigo umefika."

"Kutoka wapi?"

"Kibokoni."

"Umefikishwa wapi?"

"Hapa."

Zilpah akaandika. Na ramani, kama ilivyoahidiwa katika tangazo, ikajibu. Kibokoni ikapauka, ikawa ya manjano, ikawa nyekundu. Na kile kipele katikati ya kisiwa kikaanza kubadilika. Taib akachungulia tena, Zilpah akaandika tena. Doa likawa la manjano. Likawa kijani. Likavimba, likaimeza Makadara, likaifunika Biashara Street, likawa linaelekea Tononoka.

"Acha kuandika," akanong'ona Bwana Gunga.

"Mzigo bado unashushwa, bwana."

"Hili linaloshinda yote ni tawi gani?" akauliza Mheshimiwa, na kabla hajajibiwa akabonyeza.

Doa likamfungukia. Tawi: Makao Makuu. Msimamizi: Gunga. Hali: tawi bora la kisiwa, pongezi. Ushauri: shehena isihamishwe, iongezwe, msimamizi asiondolewe.

"Hodi!"

Mlangoni palikuwa na Bi Mwanaesha, buibui limepigwa pasi, ananukia udi. Nyuma yake, kuanzia ngazini hadi uwanjani, mapipa yalikuwa yamepangwa mlango kwa mlango, kila moja limefunikwa kanga mpya, na kanga zote zilikuwa na maneno mamoja: WEMA HAUOZI. Baadhi ya mapipa yalikuwa yamefurika, na vichwa vya nguru vilikuwa vinawatazama watu.

"Tumewaregeshea vyombo vyenu, mwanangu," akasema. "Na shukurani nyingi. Tumetia na chetu kidogo."

Harufu iliingia baada yake, kwa sababu ilikuwa na adabu, ilimpisha mkubwa. Mheshimiwa alitoa leso akaiweka puani. Watu wote walikuwa wanamtazama. Akaitazama ramani, ilikuwa kijani. Akayasoma maandishi ya kanga. Akakumbuka kwamba kule Nairobi ameshasema kijani anakipenda sana, na mtu mkubwa hali matapishi yake mbele ya makarani.

"Nimeguswa," akasema ndani ya leso. "Huu ndio ushirikiano wa raia na serikali. Na mimi ni nani nibishane na takwimu? Imeshauriwa shehena iongezwe, basi kuanzia leo taka zote za kisiwa ziletwe hapa. Imeshauriwa msimamizi asiondolewe, basi haondolewi. Bwana Gunga, leo wewe ni Mkurugenzi kamili."

Hapo Bwana Gunga angeweza kusema. Maneno yalikuwa mafupi: Mheshimiwa, ramani imepinduka. Alifungua mdomo, akauona mlango wake na lile neno la kwanza, akaufunga mdomo. "Ahsante, Mheshimiwa."

Mheshimiwa akashuka ngazi, akakanyaga tumbo la samaki kwa kiatu cheupe, akasema hakuna neno, akaingia garini. Tangu siku ile hakuonekana tena Mombasa.

Neno KAIMU lilifutwa asubuhi ya pili. Aliyelifuta alifanya kazi haraka haraka, ameshika pumzi. Kisha malori yakaanza, ya Makupa kwanza, halafu ya Tononoka, halafu ya kila mahali. Makarani wakaomba likizo mmoja mmoja. Zilpah akapata kazi bandarini. Thoya alikuja na lile kombe, akaliweka juu ya meza ya Mkurugenzi kwa machozi, akasema ushindi una mwenyewe. Makupa pakawa safi, pakabaki pakavu kama uwanja wa Idi, na kwenye ramani pakawa pekundu. Watu wa huko wakaanza kulala madirisha wazi. Ofisini madirisha hayakufunguka tena, yalikuwa yameegemewa na taka. Kanisani hakuna aliyekohoa tena kusema "Kaimu." Walikuwa wakihama benchi tu.

Sidi alivumilia hilo. Alilia peke yake jikoni, akanyamaza. Lakini siku moja aliona kitu kwenye mfuko wa mumewe wa kazini kikamshinda.

"Baba, hii sahani ya watu bado uko nayo?"

"Nilisahau."

"Mahamri tumekula lini? Watatuonaje? Irudishe kesho." Kisha akaongeza lile ambalo si lazima mwanamke wa pwani amwambie mwanamume wa pwani. "Na usiirudishe tupu."

Kesho yake Bwana Gunga alikaa ofisini mbele ya ile sahani ya maua. Akatazama huku na huku atie nini. Alikuwa mtu tajiri kuliko wote kisiwani, ana kreti zisizo na idadi, na hakuwa na hata kimoja cha kumpa mtu sahanini. Kombe? Halikuwa lake. Ndani ya ile ramani doa lake lilikuwa limefunika kila mtaa, kijani tupu. Alilitazama kwa muda mrefu. Moyo ukamjaa, machozi yakamtoka, na safari hii haikuwa harufu. Akachomoa kipanya. Akakipangusa kwa shati, akakikunja waya vizuri, akakitia sahanini, akafunika.

"Hodi!"

"Starehe. Karibu, mwanangu." Bi Mwanaesha akapokea sahani kwa mikono miwili, akafunua. Akakitazama. "Nini hini?"

"Ndicho kinachoifanya ramani ijibu, mama. Bila hicho ni bubu."

"Chaliwa?"

"Hakiliwi."

"Basi keti. Karai i motoni."

Akakaa barazani. Mbele yake njia ilikuwa imefagiliwa mara mbili. Dirisha la juu likafanya kelele, kichwa cha Swabaha kikatokeza.

"Ah! Karibu, Mkurugenzi!"

Bwana Gunga akainua uso.

"Kaimu," akasema.